Sauti Iliyosema Amina

Ukitaka ukumbi ujae watu hapa Ruiru kabla jua halijapanda, usihangaike na mabango wala gari la vipaza sauti. Mtafute Waithira. Mtajie siku, mwambie kama kuna chakula, kisha nenda kalale. Wenye vibanda vya mboga, wazee wa vyama vya maziwa, wapangaji wa zile ghorofa zilizoota kila mahali kahawa ilipong'olewa, wote watafika, na watafika wameoga.

Siku hizi kazi hiyo ina jina, wanaiita mobilaiza. Waithira aliianza kabla haijapata jina. Alizaliwa katika laini za wafanyakazi wa shamba la kahawa kati ya Ruiru na Juja. Mama yake alikuwa mchumaji, na mnyapara alipotaka wachumaji waje kwenye mizani alimpandisha Waithira juu ya tuta awaite. Sauti yake ilivuka bonde. Baadaye sauti hiyo hiyo iliongoza kwaya ya akina mama, ikatuliza matanga ya watu, ikamwimbia mume wake mwenyewe kaburini bila kukatika. Basi watu wa mashirika walipoanza kuja, leo vyandarua, kesho chanjo, keshokutwa elimu ya mpiga kura, wakakuta kuna mwanamke mmoja ambaye akiita, watu wanaitika. Wakamshikilia. Walimpa nauli kidogo, leso yenye nembo, cheti cha kuhudhuria, na picha za pamoja ambazo hakuwahi kutumiwa hata moja.

Naye aliipenda kazi hiyo, tusidanganyane. Alipenda kusikia wageni wakimwita kwa jina la mwanawe na kusema, "Bila Mama Muigai hatuwezi."

Sasa sikia walivyomlipa.

Alikuja bwana mmoja anaitwa Daktari Barasa. Si daktari wa sindano, ni wa vitabu. Alitoka katika taasisi ya utafiti huko Nairobi, na utafiti wake ulihusu sheria, usalama wa taifa na teknolojia mpya. Mtu mpole, anayekusalimu kwa mikono miwili na kukuuliza habari ya watoto. Angekuwa mkorofi ingekuwa rahisi, maana mkorofi unamjua tangu mlangoni.

Daktari alieleza kwamba kuna mradi wa kuweka kamera kwenye steji ya matatu, sokoni na kwenye stesheni ya treni. Zingekuwa na akili ya kujua sura. Mhalifu akipita, mtambo unalia, askari wanamshika. Lakini katiba inasema huwezi kuwaletea wananchi jambo kama hilo bila kuwauliza. Kwa hiyo yeye na wenzake walikuwa wametumwa wawaulize, waandike maoni, na maoni hayo ndiyo yangeamua kama mradi uendelee.

"Nikuitie wangapi?" akauliza Waithira.

"Wengi, mama. Tunataka sauti ya mwananchi."

Akawaleta mpaka wengine wakakaa madirishani. Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa kanisa, kwa sababu ndio ukumbi mkubwa, na Mchungaji Muriithi akapewa kipaza sauti, kwa sababu ukimnyima mchungaji kipaza sauti ndani ya kanisa lake utajijua. Daktari akaonyesha picha ukutani. Akasema maneno mengi ambayo Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko maana yake. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Huko nyuma, masufuria ya pilau yalikuwa yameanza kuongea.

Mtu mmoja tu ndiye aliyeuliza swali la maana. Mzee Ngigi, aliyekuwa dereva wa lori la kahawa miaka yake yote, alisimama akiegemea mkongojo.

"Hii kamera yenu," alisema, "siku ikikosea itakuwaje? Ikishika mtu si yeye?"

"Swali zuri sana, mzee," Daktari akajibu. "Hilo litaangaliwa kwenye kanuni."

"Kanuni ziko wapi?"

"Zinatengenezwa."

Mzee Ngigi alikuwa bado amesimama, mdomo wazi kwa swali la pili, Waithira alipomvuta koti taratibu. "Kaa chini, baba. Chakula kinapoa." Mzee akakaa. Mchungaji Muriithi akaombwa afunge mkutano kwa maombi, akainua mikono, akafumba macho, na akafanya kile ambacho wachungaji wetu hufanya kila mahali, iwe harusi au uzinduzi wa choo. Aliombea kila kilichosemwa.

"Bwana, tunakushukuru kwa ujuzi uliompa mtumishi wako Daktari. Tunaweka kamera hizi mikononi mwako, zilinde watoto wetu, zifichue adui, zianze kazi upesi katika mji huu. Na watu wote waseme..."

"Amina!"

Nani angekataa? Wewe ungekaa kimya kanisani, mchungaji amenyoosha mikono, jirani yako amefumba macho? Walisema Amina, na wakaisema vizuri, kisha wakaenda kula.

Miezi ikapita. Kamera zikawekwa kwenye nguzo za chuma, nyeupe, zimeinamisha vichwa. Watu walizitazama siku za kwanza, wakazizoea. Hata Waithira alikuwa akiwaonyesha wageni: "Hizo zililetwa na mkutano wangu."

Muigai ni mtoto wake wa pekee. Mwanamume mzima, mrefu, mkimya kama baba yake, fundi wa mashine katika kiwanda cha mikebe kule Thika. Jioni moja alishuka kwenye treni pale Ruiru, mfuko wa mkate mkononi, akakuta askari wamemngoja mlangoni mwa stesheni. Mmoja aliangalia simu, akamwangalia yeye, akaangalia simu tena.

"Ni huyu. System imemtoa."

Watu wa mtaa waliona akiingizwa garini. Mkate ulibaki chini, na ni mwenye duka la kona aliyeuokota akampelekea mama yake. Hivyo ndivyo Waithira alivyojua.

Alienda kituoni asubuhi, na kesho yake, na siku iliyofuata. Kila mara aliambiwa aketi kwenye benchi, na kila mara afisa aliyekuja alikuwa mwingine, ila jibu lilikuwa lile lile. Mwanawe anafanana na mtu anayetafutwa. Kosa gani? Hawawezi kusema. Yuko wapi? Hawawezi kusema. Anaweza kuonana na wakili? Mama, haya ni mambo ya usalama wa taifa.

"Taifa gani?" Waithira akapaza sauti iliyokuwa ikivuka bonde, mpaka walioko nje wakachungulia dirishani. "Mimi si taifa? Huyo kijana aliyeamka usiku kwenda kuwatengenezea mikebe ya maharagwe, si taifa? Nionyesheni hilo taifa mnalolinda, nilisalimie!"

Akatolewa nje kwa adabu. Adabu ndiyo iliyomchoma.

Walimwachilia Muigai wakati mtu waliyemtaka hasa alipopatikana kwingine, mzee mwenye kovu la panga kichwani, asiyefanana na Muigai hata gizani. Hawakumwomba radhi. Afisa wa zamu alimrudishia mkanda na kamba za viatu, akamwambia, "Una bahati." Kiwandani alikuta mashine yake ina mtu mwingine. Mwenye kiwanda hakuwa mbaya, alieleza tu kwamba hawezi kukaa na mtu aliyeshikwa kwa mambo kama hayo, wateja watasemaje.

Ingeishia hapo, mtu angesema yaliyopita yamepita. Lakini wiki iliyofuata Muigai alipita chini ya nguzo ya steji akienda kunyoa, mtambo ukalia, wakamshika tena. Wakamwachilia jioni. Akashikwa tena sokoni, akiwa na mama yake, mbele ya wanawake wa kwaya. Safari hiyo askari alikuwa kijana wa watu, na uso wake ulijaa aibu.

"Mami, hata sisi tunajua si yeye," alisema. "Lakini machine ikilia ni lazima tumshike. Picha yake imekaa huko ndani tangu ile siku ya kwanza."

"Si muitoe?"

"Hatuwezi. Ni wa juu."

"Huyo wa juu ni nani?"

Kijana akakuna shingo. "Hakuna sheria imesema ni nani."

Waithira alisimama katikati ya soko na kikapu cha viazi, akamkumbuka Mzee Ngigi na mdomo wake ulioachwa wazi. Mzee alikuwa ameshakufa kufikia wakati huo. Swali lake walikuwa wamelizika kabla yake, na aliyeshika koleo ni yeye Waithira.

Muigai alihama Ruiru. Akaenda Thika, Makongeni, akapanga chumba katika ploti ya Kalondu, rafiki wa mama yake, Mkamba anayeuza muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, karibu na soko. Thika hakukuwa na zile kamera. Huko angeweza kwenda dukani na kurudi. Alipata kibarua cha kupakia magunia, akaanza kujulikana kwa msimamizi, hata akadokezewa nafasi ya ufundi. Kwa mama yake hakukanyaga tena. Waithira alikuwa akifunga chakula kwenye mkebe na kumpelekea, mama wa miaka yake, kama anayetembelea mfungwa.

Basi akasikia kwamba Daktari Barasa yuko Juja, katika hoteli moja kando ya barabara kuu, kwenye semina. Alivaa nguo yake ya kanisani akaenda. Alingoja hadi watu walipotoka kunywa chai, akamfuata hadi pale alipokuwa amesimama na sambusa mkononi.

"Mama Muigai!" Daktari akafurahi kweli kweli. "Habari ya watoto?"

"Mtoto ninaye mmoja. Nimekuja kukupa habari yake."

Akampa yote. Barasa alisikiliza, akaweka sambusa chini, na uso wake ukaonyesha masikitiko ya kweli. Kisha akafungua mdomo akaharibu kila kitu.

"Pole sana, mama. Kwa kweli kila mtambo una asilimia ndogo ya makosa."

"Hiyo asilimia ndogo nimeinyonyesha mimi," Waithira akasema. "Usiniambie ni ndogo."

Barasa akainamisha macho. Akajaribu njia nyingine. Alisema mradi haukuanzishwa kwa siri, kwamba wananchi waliulizwa na wakakubali wote, na ripoti yake inasema hivyo.

"Nani alikubali? Mimi nilikuwa pale. Hakuna mtu aliinua mkono. Hakuna kura ilipigwa."

"Tuna sauti, mama. Tulirekodi."

Akatoa kompyuta, akatafuta, akamsikilizisha. Waithira alisikia ukumbi wake, kiti kikiburutwa, kikohozi cha Mzee Ngigi, Mchungaji Muriithi akipanda na kushuka. Na watu wote waseme. Kisha Amina ikaja kama ukuta, na juu ya sauti zote, mbele ya zote, ikaja sauti moja nyembamba yenye nguvu, ile ya juu ya tuta, ile ya kaburini. Ilikuwa yake. Yeye ndiye aliyewaongoza.

Waithira akaisukuma kompyuta kando.

"Hiyo ni sala," alisema.

"Ninaelewa, lakini kwa upande wa utafiti, ilitolewa kauli, na washiriki wakaitika kwa sauti moja."

"Daktari, nikisema Amina naongea na Mungu! Sikuwa naongea na wewe! Umesoma mpaka ukaitwa daktari, na kwenu najua mnaomba, mama yako hajakufundisha Amina ni ya nani? Mmechukua maombi ya watu, mkayafanya saini!"

Watu wa semina waligeuka na vikombe vyao. Barasa alifunga kompyuta polepole. Alisema labda walipaswa kuuliza kwa njia tofauti. Alisema anaelewa hasira yake. Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu wa kazi, na kazi ina ratiba, akamwambia kwamba hatua inayofuata ni Thika. Mradi unataka kupanuliwa. Kutakuwa na mkutano wa maoni, kanisani kama ule wa Ruiru, na pale anaweza kuyasema haya yote, yataandikwa. Akaongeza kwamba kama ataweza, wangeshukuru akisaidia kuwaita watu, maana Thika hawana mtu kama yeye.

Hebu fikiria. Mtu amekuchomea nyumba, anakuja kukuomba kiberiti.

Thika. Mahali pekee ambapo Muigai angeweza kwenda kununua chumvi. Waithira alipojibu, sauti yake ilikuwa tulivu kuliko ilivyowahi kuwa tangu azaliwe.

"Nitawaita."

Jumamosi alienda Makongeni, akaketi na Kalondu nje ya ploti, gunia la mahindi katikati yao. Kalondu ndiye mwenye watu wa Thika. Akisema neno sokoni, linafika kwenye viwanda kabla ya king'ora. Waithira alimweleza anachotaka, na Kalondu akaacha kupepeta.

"Unataka tukatae Amina? Kanisani?" Akajipiga kifua. "Mama Muigai, mimi nimekosana na watu wengi lakini na Mungu bado. Mchungaji aombe, mimi ninyamaze kama mbuzi?"

"Itakuwa mkutano, si ibada."

"Kama ni kanisani ni ibada. Nikikaa kimya, radi ikinipiga utalisha watoto wangu?"

Walibishana hadi jua likawafikia miguuni. Watu wengine wangedhani ni mchezo, lakini kwa wanawake hawa wawili halikuwa jambo dogo. Kumwacha mchungaji mikono hewani ni kama kumtemea mate. Waithira mwenyewe alikuwa hajalala vizuri kwa jambo hilo. Mwishowe Muigai, aliyekuwa ameketi mlangoni mwa chumba chake akifunga kiatu, aliongea bila kuinua kichwa.

"Mami, acha. Wakileta hapa nitaenda mbali kidogo. Kule Mwingi kuna kazi ya barabara."

Kalondu alimtazama kijana huyo mkubwa aliyekuwa akipanga kukimbia nchi yake mwenyewe kituo kwa kituo. Akashika ungo wake tena, akaupepeta kwa hasira hadi makapi yakamrukia Waithira usoni.

"Asubuhi tutaomba nyumbani," alisema. "Kila mtu kwake. Tumalizane na Mungu mapema, tumwambie kabisa tunaenda wapi na kwa nini. Tukitoka hapo, Amina imeisha."

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa. Barasa alipoingia alitabasamu, akamshika Waithira mkono, akamwambia bila yeye hawangeweza. Mchungaji Muriithi alikuwa ameletwa kutoka Ruiru, suti mpya, kipaza sauti mkononi. Kando ya Barasa, kijana wa taasisi aliweka kinasa sauti mezani, kitaa chekundu kikawaka.

"Bwana asifiwe!" akaanza Muriithi.

Kimya.

Alidhani kipaza sauti kimezimika. Akakigonga kwa kidole, mlio ukasikika ukumbi mzima. "Nasema Bwana asifiwe!"

Mtoto mmoja akaanza kuitikia, mama yake akamziba mdomo. Watu waliketi wima, mikono mapajani, macho mbele. Kalondu alikuwa amefumba macho, midomo ikicheza, pengine akimweleza Mungu kwa mara nyingine. Hakuna radi iliyopiga.

Barasa akaeleza mradi wake, picha zikapita ukutani. Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Muriithi, jasho likimtoka, akafanya anachojua kufanya. Aliinua mikono, akaomba kwa nguvu kuliko siku ya Ruiru, akaziombea kamera moja moja, akafika mwisho na sauti ikapanda.

"Na watu wote waseme..."

Jikoni, kijiko kilianguka. Mikono ya mchungaji ilibaki hewani mpaka ikaanza kuchoka, naye akaishusha mmoja mmoja, akaitazama kama si yake.

Ndipo Waithira aliposimama.

"Mzee Ngigi wa Ruiru aliuliza swali, nikamnyamazisha ili watu wakale. Leo ninalirudisha. Kamera ikikosea, sheria inasema nini? Ni nani anafuta picha ya mtu asiye na kosa? Mtaje jina, tumwone."

Barasa alikuwa mkweli, hilo apewe. Hakusema ni swali zuri. Aliangalia karatasi zake, akamwangalia kijana wa kinasa sauti, akawaangalia watu wote wale waliokuwa wakimngoja.

"Bado hakuna," alisema.

Waithira hakuketi. Barasa akafungua kalamu, akaifunga, akaifungua tena. Alisogea karibu naye akasema kwa sauti ya chini, karibu kumsihi, "Mama Muigai, sasa mimi hapa nitaandika nini?"

Yeye hakushusha sauti. Alimjibu kwa ile ya tuta, ili hata waliokuwa barabarani wasikie.

"Si ulikuja kurekodi sauti ya mwananchi? Irudishe nyuma uisikilize. Halafu andika vile umesikia."